Nanochembe za fedha kwa majani ya mpera, na jinsi ya kuzijaribu kwenye maji yenye rangi: mwongozo kamili

Nanochembe za fedha ni punje ndogo mno za metali ya fedha. Zikitengenezwa majini kwa majani, maji hugeuka kahawia, na hapa tunazitumia kama kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, kuondoa rangi ya methilini bluu kwenye maji. Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho yanarudi malalamiko mawili. La kwanza: "Nimechanganya kama nilivyoelekezwa, badala ya kahawia nimepata kitu cheupe kama tui." La pili linatoka kwa waliofanikiwa, au wanaodhani wamefanikiwa: "Rangi imepotea kwa dakika chache, lakini msimamizi hataki kukubali kwamba uchafu umevunjwa."

Jibu la la kwanza ni chumvi. Kwenye la pili, msimamizi yuko sahihi, na sababu zake ziko Hatua ya 8. Ukiwa na haraka, soma hiyo kabla hujaandika kichwa cha ripoti yako.

Nimechagua mpera kwa sababu ni rahisi kuupata, na majani yake yana tanini na flavonoidi, viambato vya asili vya mimea, kwa wingi. Hizo zinafanya kazi mbili: zinaipa ayoni ya fedha (atomu yake yenye chaji, iliyoyeyuka majini) elektroni ili iwe chembe ya metali, kisha zinaizunguka chembe hiyo isigandamane na wenzake. Mwarobaini, mlonge na majani ya chai vinafaa pia, ila muda na vipimo vitabadilika.

Hii ni kazi ya maabara ya shule au chuo. Usiifanyie jikoni, hata kama unaanza na majani ya kuchemsha.

## Vitu vya kuandaa

Kemikali na malighafi:

- Nitrati ya fedha, gramu 1 (utatumia chini ya robo yake)
- Sodiamu borohaidraidi, gramu 1 (ndiyo itakayotoa elektroni za kuondoa rangi)
- Methilini bluu, rangi ya kujaribia, miligramu chache
- Myeyuko wa hidroksidi ya sodiamu, 0.1 M (moli 0.1 kwa lita)
- Chumvi ya mezani, kwa majaribio na kwa taka
- Majani mabichi ya mpera, gramu 10
- Maji yaliyokenekwa, lita 3 au zaidi. Nyingi zitaishia kwenye kusuuza vyombo

Vifaa:

- Mizani inayosoma hadi gramu 0.001
- Bika, chupa za kupimia ujazo, pipeti, kipimajoto na kikorogeo cha sumaku chenye joto
- Karatasi ya kuchujia, Whatman namba 1
- Karatasi za pH
- Spektrofotometa (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa) na viveti vyake, yaani vichupa vya kuwekea sampuli
- Sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili chembe zishuke chini) inayofika mizunguko 10,000 kwa dakika
- Chupa za kahawia, au za kawaida zilizofungwa foili
- Glavu, miwani ya maabara na koti

Kemikali hizi zipitie kwa mtunza stoo wa maabara yako, au zinunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa mujibu wa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Ukiletewa nitrati ya fedha ndani ya kifuko kisicho na lebo, irudishe.

## Hatua ya 1: Pima maji kabla ya kitu kingine

Hapa Dar ndipo wengi wanapoangukia. Maji ya bomba yanayotoka mitambo ya Ruvu yametibiwa kwa klorini. Maji ya visima, hasa maeneo ya karibu na bahari, mara nyingi yana chumvi unayoweza hata kuionja. Ayoni ya fedha ikikutana na ayoni ya kloraidi huungana nayo papo hapo na kuwa kloraidi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka. Fedha ikishanaswa humo, majani hayaipati tena kwa urahisi. Hilo ndilo tui lako.

Jaribio lake ni jepesi. Chukua tyubu safi, weka mililita 5 za maji unayotaka kutumia, dondoshea punje moja ya nitrati ya fedha, tikisa, kisha tazama mbele ya karatasi nyeusi. Subiri dakika tano. Maji yakibaki angavu, endelea. Yakiwa na ukungu hata kidogo, tafuta maji mengine.

Maji ya kunywa ya chupa hayafai, kwa sababu yana madini. Kuchemsha hakusaidii, maana chumvi haiondoki na mvuke, bali inabaki chini imejikusanya zaidi. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanaweza kufaa, lakini soma lebo kwa makini: pembeni yake huuzwa asidi ya betri katika chupa inayofanana, na hiyo ni asidi ya salfuriki. Wapo wanaokinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Hayo yana chumvi kidogo kweli, ila yanabeba vumbi na mabaki ya metali kutoka kwenye mabomba ya mashine. Mimi nisingeyatumia kwa kazi ya kuandikia ripoti.

Vyombo navyo vinahusika. Ukishaosha kwa sabuni na maji ya bomba, suuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Vaa glavu tangu hapo, maana jasho la vidole ni chumvi tupu, na kwa joto la Januari hapa hakuna asiyetoka jasho.

Dalili ya mafanikio: nitrati ya fedha inayeyuka na maji yanabaki kama hayakuwekwa kitu.

## Hatua ya 2: Tengeneza maji ya mpera

Chuma majani yaliyokomaa lakini bado laini, yote kwenye mti mmoja, na andika tarehe na mahali. Kiasi cha tanini hutofautiana kati ya mti na mti, hata kati ya masika na kiangazi. Ukichanganya majani ya miti mitatu leo na ya mmoja kesho, hutaweza kueleza kwa nini matokeo hayalingani.

Mti ukiwa karibu na pwani, tuseme Kigamboni, Msasani au Kunduchi, majani yake yana chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Yaoshe kwa maji ya bomba kuondoa vumbi, halafu mara mbili au tatu kwa maji yaliyokenekwa.

Katakata gramu 10, weka kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, pasha hadi nyuzi 70 na uache hapo dakika 15. Usiache yatokote kwa muda mrefu, kwani baadhi ya viambato vinaharibika na unapata maji mazito ambayo hayachujiki. Acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi, kisha kwa karatasi ya kuchujia.

Tia kwenye chupa iliyofungwa foili, weka kwenye friji. Yatumie ndani ya siku chache. Umeme ukikatika usiku kucha na friji ikaacha kupoza, asubuhi yamwage utengeneze mengine. Yakianza kuwa na utando au harufu ya kuchacha, hata ukipata nanochembe hutajua zimetokana na nini.

Dalili ya mafanikio: maji angavu ya manjano au kahawia hafifu, yasiyo na mashapo.

## Hatua ya 3: Andaa myeyuko wa fedha

Unahitaji mkolezo wa milimola 1 kwa lita. Kwa mililita 100 hiyo ni gramu 0.017 tu, na mizani nyingi haziwezi kupima kiasi hicho kwa uhakika. Kwa hiyo pima gramu 0.170, yeyusha hadi mililita 100 upate milimola 10 kwa lita, kisha chukua mililita 20 za huo na uongeze maji hadi mililita 200, zitoshe pamoja na chombo cha kulinganishia cha Hatua ya 4.

Hifadhi kwenye chupa ya kahawia gizani. Nitrati ya fedha hugeuzwa na mwanga, na ikigusa ngozi huacha doa jeusi linalokaa siku kadhaa. Machoni ni hatari kabisa, hivyo miwani isivuliwe.

## Hatua ya 4: Changanya

Kwanza rekebisha pH ya maji ya mpera, ambayo kwa kawaida huwa na asidi kidogo. Dondosha hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone hadi pH ifike karibu 8. Katika hali hiyo tanini huachia elektroni kwa urahisi zaidi na chembe zinatoka ndogo zaidi.

Zingatia mambo matatu hapa.

Weka hidroksidi kwenye maji ya mpera, kamwe si kwenye fedha. Ukiitia kwenye fedha unapata oksidi ya fedha, nayo ni ya kahawia. Nimeona watu wakishangilia kahawia hiyo.

Usishushe pH kwa asidi ya haidrokloriki. Utakuwa umerudisha kloraidi uliyoikimbia Hatua ya 1.

Usitumie amonia kupandisha pH. Fedha, amonia na alkali vikikaa pamoja vinaweza kuunda mchanga mweusi unaolipuka hata kwa kuguswa. Hili halina "kidogo haidhuru".

Sasa pasha mililita 90 za myeyuko wa fedha hadi nyuzi 60 huku ukikoroga, chombo kikiwa kimefungwa foili. Ongeza mililita 10 za maji ya mpera polepole, kwa dakika mbili hivi. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo, chembe zinazaliwa na kukua kwa fujo, nyingine ndogo nyingine kubwa.

Pembeni weka vyombo viwili vya kulinganishia, joto lilelile: kimoja mililita 90 za fedha na 10 za maji matupu, kingine mililita 90 za maji na 10 za maji ya mpera. Hicho cha pili ni muhimu kuliko kinavyoonekana, kwa sababu tanini zikiwa kwenye alkali na hewa huweza kugeuka kahawia zenyewe bila fedha yoyote.

Dalili ya mafanikio: manjano kwanza, kisha kahawia inayokolea kadiri muda unavyokwenda, mpaka inatulia isiongezeke tena. Mara nyingi ni kati ya dakika chache na saa mbili. Vyombo viwili vya pembeni havifuati mwendo huo.

Ikiwa kijivu chenye mashapo chini, chembe zimegandamana: maji ya mpera ni machache au joto limezidi. Ikiwa bado manjano hafifu baada ya saa tatu, angalia pH na umri wa maji ya mpera. Ukungu mweupe kidogo mwanzoni unaweza kuonekana hata kwa aliye makini, kwa sababu majani yenyewe yana kloraidi kiasi. Ukizidi na kubaki, rudi mwanzo.

## Hatua ya 5: Hakikisha ni nanochembe

Zimua sampuli mara tano au kumi ili usomaji wa ufyonzaji wa mwanga usizidi 1. Sifurisha spektrofotometa kwa maji ya mpera yaliyozimuliwa vivyo hivyo, kisha soma kuanzia nanomita 300 hadi 700. Nanochembe za fedha zenye umbo la duara hutoa kilele kimoja kati ya nanomita 400 na 450. Kilele chembamba kinaonyesha saizi zinazokaribiana. Kikiwa kipana na kuelekea nanomita 500, chembe ni kubwa au zimeanza kushikana.

Kuna mtindo wa kumulika kwa tochi ya leza na kutangaza ushindi mstari wa mwanga ukionekana. Kloraidi ya fedha nayo huonyesha mstari huohuo. Leza inakwambia kuna chembe tu, haikwambii ni chembe za nini.

## Hatua ya 6: Zioshe

Wengi huruka hatua hii kwa sababu sentrifuji ina foleni. Matokeo yake ni kichocheo kinachoonekana hodari kuliko kilivyo. Fedha ambayo haikugeuka chembe bado imo majini, na ukiitia borohaidraidi itageuka chembe palepale ndani ya kiveti. Utakuwa unapima kazi ya borohaidraidi huku ukimsifu mpera.

Zungusha mizunguko 10,000 kwa dakika kwa dakika 20. Mwaga maji ya juu kwenye chupa ya taka, ongeza maji yaliyokenekwa, tikisa chembe zisambae, rudia mara tatu. Kila mara chukua matone machache ya maji ya juu na uyatie chumvi: yakifanya ukungu, bado kuna fedha iliyoyeyuka. Sentrifuji ndogo za mizunguko 4,000 hazishushi chembe ndogo. Ukiwa na hiyo tu, tumia mfuko wa dialisisi (unaopitisha vilivyoyeyuka na kuzuia chembe) ndani ya maji yaliyokenekwa kwa siku nzima, ukibadilisha maji mara kadhaa.

Sambaza chembe kwenye mililita 10 za maji. Fedha yote uliyoanza nayo ni miligramu 9.7, kwa hiyo mkolezo hauwezi kuzidi miligramu 1 kwa mililita, na hakika ni chini ya hapo kwa sababu nyingine imepotea njiani. Ripoti inayoandika "miligramu 2 kwa mililita" kwa vipimo hivi inajisuta yenyewe.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye methilini bluu

Tayarisha methilini bluu ya miligramu 5 kwa lita. Zimua kichocheo mara kumi. Mwisho kabisa, tayarisha borohaidraidi: gramu 0.038 kwa mililita 10 za maji ya barafu, yaani 0.1 M. Tumia ndani ya nusu saa, halafu achana nayo. Unga huu hunyonya unyevu, na hewa ya Dar inao wa kutosha, kwa hiyo pima haraka na ufunge chupa. Inatoa gesi ya haidrojeni: usikaze kifuniko, usiwashe moto karibu, usiisogeze karibu na asidi.

Ndani ya kiveti:

1. Mililita 2.5 za methilini bluu
2. Mililita 0.3 za borohaidraidi
3. Mililita 0.2 za kichocheo

Anza saa pale kichocheo kinapoingia. Soma ufyonzaji kwenye nanomita 664 kila baada ya sekunde 30. Viputo vya haidrojeni vikishika ukuta wa kiveti usomaji unaruka. Gonga kiveti kwa kidole kabla ya kila usomaji.

Borohaidraidi hapa ni zaidi ya mara 700 ya rangi kwa hesabu ya moli, kwa hiyo mkolezo wake haubadiliki sana wakati wa jaribio. Ndiyo maana unaweza kuchora logi asilia ya ufyonzaji wa mwanzo gawanya kwa wa wakati huo, dhidi ya muda, na kupata mstari ulionyooka. Mteremko wake ndio kisobadilika cha kasi ya mmenyuko (k). Dakika za mwanzo mstari unaweza kulala kabla ya kupanda. Usiuchanganye na sehemu iliyonyooka.

Fanya ulinganisho huu pia, bila kuacha hata mmoja:

- Rangi na borohaidraidi, maji badala ya kichocheo. Rangi hupungua polepole yenyewe.
- Rangi na kichocheo, maji badala ya borohaidraidi. Methilini bluu ina chaji chanya na hunata kwa urahisi kwenye tabaka la mpera. Upungufu hapa ni wa kunata tu.
- Rangi, borohaidraidi, na maji ya juu ya mwisho kutoka kwenye sentrifuji. Yakifanya kazi kama kichocheo, hukuosha vya kutosha.

Dalili ya mafanikio: chombo chenye kila kitu kinapoteza bluu kwa kasi, vingine vitatu vinabaki nyuma sana.

## Hatua ya 8: Usidai kuvunja kabla ya kutikisa

Bluu imepotea. Je, molekuli imevunjika? Kwa jaribio hili, hapana. Borohaidraidi imeipa methilini bluu elektroni, chembe za fedha zikiwa njia ya kuzipitisha, nayo imekuwa umbo lisilo na rangi. Molekuli karibu yote ingalipo.

Akina mama wa batiki wanalijua jambo hili vizuri kuliko wanafunzi wengi wa kemia. Rangi yao hutiwa kostiki (hidroksidi ya sodiamu) na haidrosi (kemikali inayotoa elektroni), ikabadilika na kuyeyuka, ikaingia kwenye kitambaa. Kitambaa kikianikwa hewani, rangi halisi inarudi. Hakuna kilichovunjwa pale.

Thibitisha mwenyewe. Acha mchanganyiko uliopoteza rangi wazi ndani ya kabati la kufyonza hewa hadi kesho yake, borohaidraidi imalizike. Mimina kwenye chupa yenye nafasi ya hewa, tikisa. Bluu ikirudi, hata kiasi, ulichofanya ni kuiondoa rangi. Bado ni matokeo halali: umeonyesha kwamba chembe zako zinaharakisha mmenyuko, na ndivyo kichocheo kinavyopimwa kwa kawaida. Ila huwezi kuandika kwamba umesafisha maji ya Mto Msimbazi. Maji hayo yana kloraidi, salfaidi na mabaki ya viumbe ambavyo vingeziziba chembe za fedha, achilia mbali bei yake.

Unayetaka kuvunja kweli, hamia kwenye chuma. Pasha gramu 6 za majani ya chai kwa mililita 100 za maji kwenye nyuzi 80, chuja, kisha ongeza polepole mililita 60 za chai hiyo kwenye mililita 40 za salfeti ya chuma(II) ya 0.1 M. Inakuwa nyeusi mara moja. Usiseme weusi huo ni chuma tupu, maana tanini na chuma hutoa weusi hata bila metali, na wino wa zamani ulitengenezwa hivyo. Hata hivyo chuma kilichomo, pamoja na peroksaidi ya haidrojeni kwenye pH karibu 3, hutoa radikali za haidroksili, vipande vikali vya molekuli vinavyoshambulia molekuli ya rangi yenyewe.

Hapo pima mahitaji ya kikemikali ya oksijeni (oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu uliomo) kabla na baada, au kaboni yote ya kiogania kama chuo kina mashine. Ondoa peroksaidi iliyobaki kabla ya kupima mahitaji hayo ya oksijeni, la sivyo itakusomea uchafu ambao haupo. Na kumbuka kwamba chai uliyoongeza ni uchafu wa kiogania pia. Lazima uipime peke yake na kuitoa kwenye hesabu.

## Hatua ya 9: Taka

Fedha ni sumu kwa samaki na kwa bakteria wanaofanya kazi kwenye mashimo ya choo, hivyo isiende kwenye sinki. Kusanya taka zote za nitrati kwenye chupa moja ya kahawia, tia chumvi ya mezani mpaka ukungu mweupe usiongezeke, acha itulie, chuja, na umpe fundi wa maabara unga huo ukiwa na lebo. Fedha inaweza kurudishwa kutoka humo.

Maji yenye nanochembe yakae chupa ya peke yake. Usiyachanganye na mabaki ya borohaidraidi, wala usifunge mabaki hayo kwa kifuniko: yazimue kwa maji mengi, yaache wazi ndani ya kabati la kufyonza hewa hadi viputo viishe, na baada ya hapo ndipo urekebishe pH. Vyombo vilivyobaki na utando wa kung'aa wa fedha vioshwe kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa, chini ya usimamizi, na maji ya kwanza ya kusuuza yaingie kwenye chupa ileile ya taka za nitrati.